Kadre ya Norton, motere ya Triumph: somo kwa mutu mwenye falanga kidogo



Juma lililopita mudogo yangu alifika nyumbani na kunionyesha picha mu telefone yake. Ni pikipiki ya okazyo, 600 cc, ya mupadri mumoja aliyerudi kwao. Bei, dola 1100. Yeye ana 1400, ameziweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Akaniambia: "Yaya, njo hii. Tunaikamata, tunabadilisha eshapema, tunatia karbiratere ya nguvu, tunapaka langi nyeusi. Bantu bote batageuza vichwa."

Nikamuuliza: "Na freni?"

Akacheka. "Freni tutaona nyuma, yaya."

Lile neno "tutaona nyuma" ndilo lilinikosesha usingizi. Juu mimi pia nililisema, mu mwaka wa 2016. Nilikuwa nafundisha Kipushi, nikilala Lubumbashi, kilometa karibu 30 kila asubuhi na 30 kila mangaribi. Nilinunua moto ya okazyo ya 250 cc. Falanga iliyobaki nikatia dola 180 mu eshapema na kiti kipya. Fundi alinionyesha freni ya mbele imekwisha, akaomba dola 25 tu. Nikamujibu mwezi ujao. Mwezi haukuisha. Siku ya mvua, mu mutelemuko, baba mumoja wa kinga ya makala alivuka njia polepole na magunia yake. Nikakamata freni, moto haikusimama. Mimi nilivunjika mufupa wa bega. Yeye aliumia muguu, makala yake yote ikamwangika mu maji, kinga yake ikapinda. Kumutunza na kumurudishia kinga kulinikula dola 260. Lakini ile kitu siisahau si falanga. Ni namna alikaa chini mu matope, akiangalia makala yake, bila kunitukana hata neno moja.

Sasa, mudogo yangu hapendi mahubiri. Anapenda historia na anapenda motere. Basi nilimwahidi historia moja ya vijana ambao walikuwa kama yeye: falanga kidogo, hamu mingi, mikono yenye kujua kufungua bulo. Namuandikia hapa mbele ya wote, labda kuna mwingine mu chama anayeangalia picha ya moto usiku.

Viwanda viwili

Twende Uingereza, miaka ya 1950. Vita ya pili imekwisha, lakini watu bado wanafunga mukaba. Gari ni kitu cha wenye mali. Kijana wa kiwanda, mwenye miaka 18 ao 20, kitu anaweza kufikia ni pikipiki, na mara nyingi ya mukono wa pili. Pikipiki za 500 na 650 cc, zile leo tungeita za kadiri ya kati, wakati ule zilikuwa ndoto yenyewe.

Kulikuwa majina mengi, lakini mawili yanatuhusu. La kwanza ni Norton, ya muji wa Birmingham. La pili ni Triumph, iliyoanza Coventry, na kiisha mabomu ya Vita kubomoa kiwanda chake ikahamia Meriden, kando ya Coventry.

Norton ilikuwa na kadre. Mwaka wa 1950 ilipeleka mu mashindano ya kisiwa cha Man kadre mupya iliyobuniwa na Rex McCandless, fundi wa Belfast. Ilikuwa imefanywa na mabomba mawili ya chuma, kila bomba likizunguka kama kitanzi: linatoka ku shingo ya gidoni, linapita chini ya motere, linapanda nyuma, linarudi mbele juu, na yote mawili yanapishana pale ku shingo. Ilikuwa nyepesi na haikujipinda. Nyuma kulikuwa mukono wenye kupanda na kushuka na amortisere mbili. Mwaka ule Norton ilikamata nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu mu mashindano makubwa mawili ya kisiwa, na kijana Geoff Duke akashinda yale ya 500 cc. Mukimbizi mwingine wa Norton, Harold Daniell, alilinganisha kupanda ile pikipiki na kulala ku kitanda cha manyoya. Jina likabaki vile: Featherbed, kitanda cha manyoya. Tangu 1952 watu wa kawaida pia walianza kupata kadre ya mutindo ule, mu pikipiki ya barabara iliyoitwa Dominator 88.

Triumph yenyewe ilikuwa na motere. Mwaka wa 1937 Edward Turner alionyesha Speed Twin, motere ya silinda mbili zilizosimama pamoja, 498 cc. Ilikuwa nyepesi, rahisi kutengeneza, na ilijibu mbio. Kiisha Vita ikaja ya 650 cc, Thunderbird, na mwaka wa 1959 Bonneville yenye karbiratere mbili. Piyesi zake zilikuwa kila fasi, na kila fundi wa mutaa alijua kuifungua.

Kasoro njo hii. Motere ya Norton ya barabara haikuwa na utamu wa Triumph. Na kadre ya Triumph haikuwa na utulivu wa Norton: mu kona ya mbio, nyuma ilikuwa inacheza. Kiwanda kimoja kina mifupa, kingine kina roho. Na viwanda vile vilikuwa wapinzani, haviwezi kukaa meza moja.

Kadre zilizobaki yatima

Sasa sikia namna historia inatengeneza bahati ya maskini.

Baada ya Vita, Waingereza walianzisha mashindano ya magari madogo yenye motere ya pikipiki ya 500 cc. Stirling Moss, aliyekuja kuwa mumoja wa madereva wakubwa wa dunia, alianzia pale, mu gari ya Cooper, mwaka wa 1948. Polepole watu waliona motere inayoshinda zote mu gari zile ni ile ya Norton Manx, silinda moja. Lakini Norton haikukubali kuuza motere peke yake. Mutu wa gari akiitaka, anunue pikipiki nzima.

Wenye mali wakanunua pikipiki nzima, wakangoa motere, wakaifunga mu gari. Kadre ikabaki kando ya ukuta bila kazi: kadre bora ya wakati ule, mupya, haina motere. Nani ataitaka? Kijana mwenye Triumph ya okazyo, iliyoangushwa, kadre imepinda lakini motere nzima.

Njo pale ilizaliwa Triton. Jina lenyewe ni Tri- ya Triumph na -ton ya Norton. Hakuna kiwanda kilichoiunda wala mukubwa aliyeipanga. Ni vijana na mafundi wa mutaa, mu magaraji ya nyuma ya nyumba, kuanzia miaka ya 1950. Zile kadre yatima hazikutosha wote, basi wengine walitafuta Dominator ya zamani yenye motere imechoka.

Namna walifanya kazi

Mudogo yangu, hapa ufungue masikio, juu kila kitu kiko mu mupangilio.

Wakati ule motere ya Triumph na bwate ya viteze vilikuwa vitu viwili tofauti, vimefungwa karibu karibu. Ni mu mwaka wa 1963 tu 650 ya Triumph ilifanywa kuwa kitu kimoja na bwate yake. Ule utofauti ulisaidia fundi. Aliweza kuweka motere ya Triumph na kuacha bwate ya Norton. Kitu alihitaji ni sahani za chuma ao aluminiyomu, zilizokatwa vizuri na kutobolewa matundu fasi yake, kwa kushika motere ndani ya kadre ya kigeni.

Inaonekana rahisi. Haiko rahisi. Sheni ya kutoka motere mpaka bwate lazima iende mu mustari mumoja, na sheni ya kutoka bwate mpaka gurudumu pia. Ukikosea kidogo tu, sheni inakula meno, inakatika, na inaweza kukamata gurudumu la nyuma ukiwa mu mbio. Tena motere ile ya silinda mbili, pistoni zake zinapanda na kushuka pamoja. Inatetemeka. Ukiifunga vibaya, mutetemeko unalegeza bulo, unapasua tanki, unavunja sahani. Motere haikuwa imeanza kuonyesha nguvu yake, na mutu mwenye akili alikuwa tayari amemaliza siku mingi akipima na kupima tena.

Kiisha hapo njo walikuja ku mambo mengine. Gidoni ya chini, inayofungwa moja kwa moja ku fourche, ili mutu ainame mbele ya upepo. Vikanyagio vilivyosogezwa nyuma. Tanki ya aluminiyomu. Kiti cha mutu mumoja. Kutoa kila kitu chenye uzito bure. Na wale walioweza walitafuta freni ya mbele kubwa zaidi, hata ile ya Norton ya mashindano. Freni za wakati ule zilikuwa za ngoma. Ukikamata mara mingi zinapata moto na kuchoka. Mutu aliyeongeza mbio bila kuongeza freni alikuwa amejinunulia deni.

Muone vizuri: eshapema iliyopindwa na langi inayongaa, vile tunaviona leo mu picha, vilikuwa mwisho wa kazi. Mwanzo ulikuwa kadre.

Ku Ace Cafe

Wapi walikuwa wanaenda na pikipiki zile? Ku London kulikuwa nyumba ya chai kando ya njia kubwa ya kuzunguka muji upande wa kaskazini, jina lake Ace Cafe. Ilifunguliwa mwaka wa 1938 kwa ajili ya madereva wa makamyo, ikabomolewa na bomu mwaka wa 1940, ikajengwa tena 1949. Ilikuwa wazi usiku na muchana. Vijana walipata pale chai, muziki na mbele yao njia ndefu. Kufika maili 100 kwa saa, ni kusema kilometa 161, ilikuwa alama ya kuwa mwanaume kamili mu macho ya wenzako. Wanasimulia hata mashindano ya kutia sarafu mu mashine ya muziki, kutoka mbio mpaka fasi fulani na kurudi mbele wimbo uishe. Labda wametia chumvi. Lakini njia zenyewe zilikuwa wazi: mupaka wa mbio mu njia kubwa zile uliwekwa tu mwisho wa mwaka wa 1965, na kofia ya kupanda pikipiki ikakuwa lazima mwaka wa 1973.

Vijana wengi walikufa. Mu picha za leo, zile za koti ya ngozi na tabasamu, wafu hawaonekani. Magazeti ya wakati ule yaliwaona kama wahuni tu, zaidi sana baada ya fujo za pwani za mwaka wa 1964 kati yao na vijana wa skuta. Mutu mumoja aliwaangalia tofauti: padri wa Kianglikana, Bill Shergold, mwenye kupanda pikipiki yeye mwenyewe. Mwaka wa 1962 alienda mpaka Ace Cafe, na woga wake wote, kuwaalika vijana mu kanisa na mu klabu yake ya 59, mu mutaa wa maskini wa mashariki ya London. Walikuja kwa wingi. Padri yule hakuwakataza moto. Aliwapa fasi ya kukaa, ya kutengeneza, na mutu wa kuwazika kwa heshima wakati ilihitajika. Nikifikiri juu ya mudogo yangu, nakumbuka yule padri. Kukataza haisaidii.

Saa 24

Kuna mutu mwingine namupenda mu historia hii: Dave Degens. Alikuwa mukimbizi na fundi, mwenye duka la Dresda ku London, akitengeneza Triton kwa kuuza. Mwaka wa 1965, yeye na Rex Butcher walipeleka Triton yao Barcelona, ku mashindano ya saa 24 mu kilima cha Montjuïc. Pale haushindi kwa sababu unaenda mbio mu njia moja iliyonyoka. Ni kona, ni kupanda na kushuka, ni usiku, ni freni zinazotumika mara elfu. Pikipiki inayovunjika saa ya 20 haina maana hata kama saa ya kwanza ilikuwa mbele.

Walishinda. Pikipiki ambayo hakuna kiwanda kilichoizaa, iliyounganishwa na mafundi, ilishinda mashindano ya kimataifa ya uvumilivu. Kwangu mimi hii njo hati ya Triton. Ilishinda kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakubaliana na kingine: kadre na motere, motere na freni, freni na mutu.

Kiisha dunia ikageuka. Gari ndogo ya Mini ilikuwa imetoka tangu 1959, kwa bei isiyofika paundi 500, na mutu mwenye mutoto na bibi alianza kuichagua. Ace Cafe ikafungwa mwaka wa 1969. Mwaka uleule Honda ilileta CB750, silinda nne, freni ya diski mbele, kuwaka kwa kidole. Kiwanda cha Meriden kilikwisha kabisa mwaka wa 1983. Ace Cafe ikafunguliwa tena 2001, lakini sasa kama ukumbusho.

Hii historia inatuhusu wapi?

Mwenzangu mumoja wa promosyo aliniuliza: mambo ya Waingereza inatuhusu wapi? Nilimujibu mara mbili.

Kwanza, angalia mupira wa gurudumu. Mupira wenye hewa wa baiskeli ulipata nguvu mu muji uleule wa Belfast, kwa mikono ya Dunlop, mwaka wa 1888. Baiskeli, kiisha pikipiki na gari, zikaleta njaa ya mupira mu Ulaya. Na sisi tunajua njaa ile ilishibishwa na nani: tangu miaka ya 1890 mu Kongo ya Leopold, vijiji vililazimishwa kutafuta mupira mu pori, kwa fimbo, kwa bunduki, kwa mikono iliyokatwa. Norton na Triumph zote mbili zilitoa pikipiki zao za kwanza mwaka wa 1902, katikati ya miaka ile ya damu. Mukongomani hana haja ya kuomba ruhusa kwa kuandika historia ya pikipiki. Babu zetu walilipa tiketi mbele.

Pili, Triton iko hapa kwetu, hatuioni tu. Muangalie kinga ya makala. Kinga ile haikutengenezwa kwa kubeba magunia. Ni mafundi wetu waliiongezea chuma ku fourche, wakakaza nyuma, wakaunga kadre. Ku Goma watu walitengeneza chukudu, mbao na vipande vya mupira ku magurudumu, na inabeba mizigo inayoshinda mutu. Na tena muone: fundi wa kinga ya makala haanzi na langi. Anaanza na kadre, juu anajua uzito utaketi wapi. Yule baba niliyemwangusha, kinga yake ilikuwa imewaziwa vizuri kuliko moto yangu ya dola mia na mia.

Basi mudogo yangu, sikukatazi. Ile 600 ya padri twende tuiangalie pamoja, asubuhi, motere ikiwa baridi, juu motere yenye kupashwa moto mbele inaficha ubaya wake. Tuanze ku shingo ya kadre: kama kuna alama ya kuunga upya ao langi mupya pale tu, turudi nyumbani. Tuinue gurudumu la mbele, tugeuze gidoni polepole: ikikwama katikati, kuna kitu kimekula. Tushike gurudumu la nyuma, tulitikise kushoto na kuume. Tuangalie sheni, meno, mipira na mwaka wake. Tusikilize motere, tuangalie moshi: wa bluu ni mafuta inaungua. Na namba ya kadre ifanane na ile ya karatasi, bila hiyo utanunua kesi, si moto.

Ikiwa inafaa, utabaki na dola 300. Dola za kwanza ni freni, mbele na nyuma. Za pili ni mipira miwili. Za tatu ni sheni na taa. Kofia ya kweli, si ile ya kuonyesha polisi. Kama kumebaki kitu, basi eshapema, na mimi mwenyewe nitakusaidia kupaka ile langi nyeusi siku ya posho.

Aliyasoma haya mbele sijayatia hapa. Akanyamaza kidogo, kiisha akaniuliza: "Yaya, yule baba wa makala, alipona?"

Alipona. Namwonaka bado ku njia ya Kipushi. Nikimukuta napunguza mwendo, nampungia mukono, na yeye anajibu kwa kichwa, juu mikono yake yote miwili iko ku gidoni.

Wandugu, na ninyi mutuambie: mulipopata moto ya kwanza, dola ya kwanza muliitia wapi? Museme ukweli.